Ngano Kinzani: Hukinza Nini?

Mwanafunzi akutanapo na maneno "ngano kinzani" katika vitabu vya kilimo, hudhani kwamba ukinzani ni sifa ya ngano yenyewe, kama ugumu ulivyo sifa ya jiwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Ukinzani ni uhusiano baina ya mmea fulani na kuvu fulani, na kulisahau jambo hilo kumewagharimu wakulima mavuno yao.

Aliyefungua njia ni Harold Flor, mtaalamu wa magonjwa ya mimea huko North Dakota, Marekani. Katika miaka ya 1940 alichunguza kutu ya mmea wa kitani. Hakuzalisha chotara za mmea tu, bali alizalisha pia chotara za kuvu yenyewe. Akaona kwamba kila jeni ya ukinzani katika mmea ina jeni mwenzake katika kuvu. Ugonjwa huzuiwa pale tu jeni hizo mbili zikutanapo. Ikikosekana mojawapo, mmea huambukizwa.

Kanuni hiyo yaonekana pia katika kutu ya shina la ngano, iletwayo na kuvu iitwayo Puccinia graminis. Kuvu hii hujilisha kwa seli zilizo hai tu, nayo huingiza ndani yake protini za kulegeza ulinzi wa mmea. Mnamo mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba jeni ya ngano iitwayo Sr35 huitambua mojawapo ya protini hizo, AvrSr35. Ikishatambuliwa, seli iliyovamiwa hujiua, na kuvu hukosa chakula. Lakini jeni ya kuvu itengenezayo protini hiyo ikiharibika, mvamizi hupita bila kutambuliwa. Hapo ngano haikubadilika hata kidogo, ila ukinzani wake umetoweka.

Hatari hiyo si ya maabara tu. Kwa miaka mingi ngano nyingi duniani zilitegemea jeni Sr31, iliyotolewa katika nafaka jamaa yake iitwayo rai. Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu iliyoshambulia ngano zenye jeni hiyo, nayo ikaitwa Ug99. Baadaye ilifika Kenya, Ethiopia, Yemeni na Irani. Huko Ethiopia wakulima walipanda kwa wingi ngano iitwayo Digalu, iliyokinza Ug99. Mwaka 2013 ikaja kutu ya ukoo mwingine, ikaiangamiza Digalu mashambani.

Kwa hiyo wataalamu hushauri kuunganisha jeni kadhaa katika mbegu moja, maana si rahisi kuvu ibadilike mbele ya zote kwa pamoja. Tena mbegu hupimwa mahali penye kutu yenyewe. Tangu mwaka 2005 ngano za nchi nyingi zimekuwa zikijaribiwa Njoro, Kenya.

Nasi wa taaluma ya lugha tuna la kuongeza. Kitenzi "kinza" ni kitenzi elekezi, nacho hudai yambwa. Asemaye "ngano kinzani" bila kutaja yambwa hajamaliza sentensi yake. Mkulima anayeuziwa mbegu ana haki ya kuuliza: hukinza nini, na kwa jeni ngapi?