Fundi wa Maabara Si Mwosha Chupa

Nikisema nataka kuwa fundi wa maabara chuo kikuu, wenzangu hucheka eti nitaosha chupa tu. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Muhula uliopita fundi wetu aliugua. Majaribio ya kemia yakasimama wiki mbili, mwalimu akiwapo!

Chuo kikuu je? Profesa hubuni utafiti. Fundi hupima kemikali, hutunza hadubini na kuua viini vya vyombo kwa mvuke wa nyuzijoto 121, dakika 15. Akikosea, jasho la miaka hupotea bure.

Ujuzi huo hauokotwi njiani. Kenya Polytechnic, iliyoanzishwa mwaka wa 1961, ilifunza mafundi wa maabara kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka wa 2013. Basi vyuo vikuu viwachukue wanagenzi, viwafunze kazini, kisha viwaajiri. Nami kemia siachi ng'o!