Kitabu cha tatu cha Fifty Shades: kisha ndoa, nani anakamata uamuzi?

Wengi wanajua Fifty Shades kwa jambo moja tu: mambo ya kitandani. Vitabu vya kwanza viko vitatu, vyote vya watu wazima, na mwandikaji wake, Muingereza E L James, hakuficha kitu. Lakini msomaji akifika ku kitabu cha tatu, Fifty Shades Freed, anakuta habari ingine. Wapenzi wamekwisha kuoana, na sasa ugomvi ni wa nyumbani: nani anakamata uamuzi?

Vitabu vilitoka wapi?

E L James alikuwa mama wa watoto wawili mjini London, akitumika kwenye televizio. Alianza kuandika ju alipenda sana Twilight, hadithi ya msichana na kijana mnyonya-damu. Alikamata wahusika wa Twilight, akawatungia mapendo mengine, akaweka sura moja moja kwenye intaneti. Kisha akabadilisha majina. Ndivyo walivyopatikana Anastasia Steele, mwanafunzi wa miaka 21, na Christian Grey, tajiri wa miaka 27 wa mjini Seattle, Marekani.

Nyumba moja ndogo ya vitabu ya Australia ilitoa kitabu cha kwanza munamo mwezi wa tano 2011, na cha tatu mwezi wa kwanza 2012. Mwaka huohuo nyumba kubwa ya Vintage ikachukua vyote vitatu. Kufika mwaka wa 2014, zaidi ya vitabu milioni 100 vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Wenye kusoma Kifaransa wanajua kitabu cha tatu kwa jina la Cinquante nuances plus claires.

Karatasi imeisha, mazoea yamebaki

Mu kitabu cha kwanza, Christian anamletea Anastasia karatasi ya mapatano: ale nini, avae nini, alale saa ngapi, amtii namna gani. Anastasia anaisoma, anaijadili, lakini hatii sahihi hata siku moja.

Mu kitabu cha tatu karatasi haiko tena. Kuamuru ndiko kumebaki. Siku ya ndoa, Christian alitaka neno « kutii » liwe mu kiapo, Anastasia amekataa. Kazini anaendelea kutumia jina lake la Steele. Christian anafika mpaka ku biro yake na hasira. Mkubwa wake wa zamani wa kazi, Jack Hyde, anawawinda. Christian anaweka walinzi na kumwambia arudi moja kwa moja nyumbani. Yeye anaenda kunywa na rafiki yake.

Halafu Anastasia anasahau tarehe ya sindano ya kupanga uzazi, anapata mimba. Christian anamfokea, anatoka, anarudi usiku amelewa. Kumbe ni woga: yeye mwenyewe aliteswa akiwa mtoto mdogo, na haamini kama anaweza kuwa baba mzuri. Hyde anamteka dada ya Christian na kudai dolari milioni 5. Anastasia, na mimba yake, anapeleka feza peke yake bila kumwambia bwana yake. Anapigwa vibaya, lakini wote wanapona. Ku mwisho wako na mtoto wa kiume, na wa kike yuko njiani.

Mapendo ao utawala?

Munamo mwaka wa 2013, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Amy Bonomi walichambua kitabu cha kwanza. Waliona humo alama za unyanyasaji: kumfuatafuata mwanamke, kumtisha, kumtenga na watu wake. Wanaokitetea wanajibu kwamba Anastasia anajua kukataa, tena kwamba mwanamke ana haki ya kusoma habari za tamaa bila haya. Kenya, kwa upande wake, ilipiga marufuku filamu ya kwanza munamo 2015 ju ya picha zake za ngono.

Lakini angalisho: chumba cha kitandani si fasi ya hatari zaidi mu kitabu hiki. Mule ndani muna kanuni. Wawili hao wamepatana neno moja la kusimamisha kila kitu. Mu kitabu cha tatu, Christian anataka kumwadhibu bibi yake kitandani kwa sababu alitoka na rafiki. Anastasia anatamka lile neno, na Christian anaacha palepale. Kwa jina, kwa kazi, kwa kutoka na rafiki, kwa mimba, hakuna neno kama hilo. Kila mara lazima agombane upya.

Hapo ndipo hadithi ya Seattle inakaribia nyumba za Congo. Code de la famille ya 1987 iliandika kwamba bibi anapaswa kumtii bwana yake, na ilimlazimisha apate ruhusa ya bwana mbele ya kufanya tendo la kisheria. Sheria ya mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Ku karatasi mambo yamebadilika. Mu nyumba, kama vile kwa Christian na Anastasia, mazoea yanaweza kukawia.

Mu kitabu, Christian anabadilika ju mwandikaji ameamua hivyo. Mwanamke anayesoma hapaswi kuhesabu kwamba bwana yake atabadilika vilevile. Afazali ajiulize: akisema hapana nyumbani kwake, kunatokea nini?