Intaneti ya nyumbani inakwama? Usianze na mtoto anayecheza gemu

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama alikuwa amekaa sebuleni, kajifunga kitambaa chake kizuri kama anayekwenda kliniki, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Alikuwa akizungumza kwa video na daktari wake wa presha. Sauti ilikuja ikikatika. Daktari alisema jambo kuhusu dozi, picha ikaganda, kisha mazungumzo yakakatika kabisa.

Mama akanigeukia. "Daktari kasema niongeze."

Nilimwandikia daktari ujumbe kuuliza aongeze hadi vidonge vingapi. Jibu lake lilinitoa jasho: alikuwa amesema asiongeze. "Usiongeze" ilifika nyumbani kwetu ikiwa "ongeze".

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo najua dawa ya presha ikizidi inaweza kuishusha presha mno, mtu akapata kizunguzungu na kuanguka. Kwa mama wa miaka 61, kuanguka si jambo dogo. (Tangu siku hiyo, suala lolote la dozi tunaomba liandikwe kwenye ujumbe, hata kama simu ilisikika vizuri. Nakushauri nawe ufanye hivyo.)

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Niliingia chumbani kwa mdogo wangu, nikachomoa waya wa mashine yake ya gemu, nikamwambia yeye ndiye anayekula intaneti ya nyumba nzima. "Dada, mimi nilikuwa nimelala," alisema. Sikumwamini.

Fundi alikuja Jumanne. Alifungua mipangilio ya ruta kwenye kompyuta yangu na kuuliza swali moja: "Nani aliwasha kipaumbele?"

Nilikuwa mimi.

Ruta nyingi za nyumbani zina sehemu inayoitwa kipaumbele, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi QoS. Ukiiwasha, ruta inapanga foleni: kifaa hiki kipite kwanza, kile kisubiri. Mwaka jana, wakati kifurushi chetu kikiwa cha megabiti 5 kwa sekunde, niliiweka kompyuta yangu juu kabisa ili mahojiano yangu yasikatike. Ruta iliniuliza kasi ya intaneti yetu, nikaandika 5. Baadaye tukahamia kifurushi cha megabiti 20. Namba ile sikuigusa tena.

Wakazi wa Dar es Salaam watanielewa nikisema kipaumbele ni kama njia ya mwendokasi. Hakiongezi upana wa barabara, kinatenga tu sehemu ya barabara iliyopo. Sasa fikiria barabara imepanuliwa kuwa njia nne, lakini trafiki hajaambiwa na anaendelea kuyapitisha magari kwenye njia moja. Ndivyo ruta yetu ilivyokuwa. Tulilipia 20, yenyewe ikagawa 5. Katika hizo 5, kompyuta yangu ilikuwa ya kwanza, na asubuhi ile ilikuwa ikipandisha sauti za mahojiano kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mimi kukumbuka. Simu ya mama ilikuwa mwisho wa foleni. Mazungumzo ya video hayahitaji makubwa, megabiti 2 hadi 4 humtosha mtu mmoja, lakini hata hizo hakuzipata.

Fundi alinionyesha namna ya kulithibitisha hilo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaruka hatua hii. Usipime kasi ukiwa kitandani kwa simu. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, waambie wengine waache kutumia intaneti kwa dakika tano, kisha pima. Zima kipaumbele, pima tena. Kwetu, kikiwa kimewashwa tulipata chini kidogo ya 5, kilipozimwa, 19. Tofauti ikiwa kubwa namna hiyo, tatizo liko kwenye mipangilio. Kama kwa waya kasi ni mbovu hata kipaumbele kikiwa kimezimwa, mpigie anayekuuzia intaneti. Kama kwa waya ni nzuri lakini chumbani ni mbovu, shida ni mawimbi: kuta, umbali, au ruta iliyofichwa nyuma ya luninga.

Ukitaka kukiwasha tena, usiandike namba ya kwenye risiti. Andika asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima mwenyewe, ya kupakua na ya kupandisha, kila moja mahali pake. Ile nafasi ndogo inayobaki ndiyo inayoiwezesha ruta kuipanga foleni yenyewe, badala ya foleni kujazana mbele, kwenye mitambo ya kampuni. Angalia pia kipimo. Ruta nyingine huuliza kwa kilobiti, na megabiti 20 ni kilobiti 20,000. Ukiandika 20 pale, nyumba nzima italala njaa.

Kuna kisa kingine cha jirani yetu, mwenye kifurushi kikubwa kuliko chetu. Namba zake zote zilikuwa sahihi, bado kasi ilishuka kila alipowasha kipaumbele. Fundi alisema ruta nyingi huwa na njia ya mkato ya kupitisha data bila kuisumbua akili yake kuu. Kipaumbele kikiwashwa, baadhi hulazimika kuikagua data yote, na ruta ya bei nafuu inazidiwa. Mwenye kifurushi kikubwa mara nyingi hahitaji kipaumbele hata kidogo. Jirani alikizima na mambo yakaisha.

Onyo moja kwa wanaopenda kubonyeza kila kitu, mimi nikiwemo. Kuna kipengele kinachoandikwa WMM kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Nacho ni aina ya kipaumbele, ila hicho usikizime. Wi-Fi za kisasa zinakitegemea, na kikizimwa kasi ya hewani inaweza kurudi hadi megabiti 54, kama vifaa vya miaka ya 2000.

Kwetu tuliandika 17, simu ya mama ikapanda juu, kompyuta yangu ikashushwa. Wiki tatu baadaye mama alizungumza na daktari kwa dakika 20 bila kukatika, akaambiwa aendelee na kidonge kimoja, na ujumbe ukafuata. Chumba cha pili mdogo wangu alikuwa akicheza gemu muda wote huo. Waya nilimrudishia siku ileile fundi alipoondoka. Msamaha niliuomba Ijumaa, baada ya mama kuniuliza mara mbili.