Kutoka Chumba hadi Chemba: Maana Nyingi za Majina ya Nafasi Zilizozingirwa katika Kiingereza na Kiswahili, kwa Mifano ya Wilaya ya Same

Ikisiri

Makala haya yanajadili upolisemia wa majina ya vyumba na nafasi zilizozingirwa. Yanaonesha kwamba maneno ya Kiingereza ya uwanja huu yanapoingia katika Kiswahili hupita njia tatu: kugawanywa, kukopwa kwa maumbo tofauti, au kukutana na neno la Kiswahili lenye maana nyingi zake lenyewe. Mfano mkuu ni neno *boma* kama litumikavyo Same na Upareni. Hoja ya makala ni kwamba utata wa maneno haya una athari katika utoaji wa haki, hasa katika mashauri ya ardhi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Same uko tambarare, chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Wilayani humo wakulima wa milimani wazungumzao Chasu, wafugaji wa nyikani na watumishi wa umma kutoka kila upande wa nchi hukutana kwa Kiswahili. Tuchukue sentensi moja ambayo msemaji yeyote kati yao angeweza kuitamka mbele ya baraza: “Ndani ya shamba lile lipo boma langu.” Je, ametaja zizi la ng’ombe, makazi ya familia, au nyumba iliyosimamishwa kuta na bado haijaezekwa? Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Hata hivyo, msikilizaji hawezi kujua ni kitu gani kinachodaiwa.

Utata huu si wa Kiswahili peke yake. Lugha nyingi huchukua jina la mahali palipozingirwa na kulipa kazi ya kutaja watu wanaokaa humo, shughuli inayofanyika humo, au kitu chenye umbo la namna hiyo. Katika semantiki, uhamisho wa kwanza na wa pili ni metonimia, yaani kutaja kitu kwa jina la kile kilicho jirani nacho; wa tatu ni sitiari, inayojengwa juu ya mfanano.

2.0 Vyumba vya Kiingereza

Neno “court” lilianza kwa maana ya ua uliozungushiwa kuta. Kutoka hapo likawa makazi ya mfalme, kisha watu wanaomzunguka mfalme, kisha mahali pa kuamulia mashauri. Na hadi leo ni pia uwanja wa kuchezea tenisi. Neno “cabinet” lilikuwa chumba kidogo cha faragha. Washauri wa mtawala walipokutana humo, jina la chumba likawa jina lao, na kwa njia nyingine likawa jina la samani ya kuhifadhia vitu. Neno “cell” linatokana na neno la Kilatini la chumba kidogo. Lilitaja vyumba vya watawa, kisha vya wafungwa. Na mwaka 1665 Robert Hooke, alipotazama ganda la mti kwa hadubini, akalitumia kwa vijumba alivyoviona. Neno “chamber” lina asili moja na “camera”, ambalo kwa Kilatini ni chumba chenye dari la tao. Chombo cha kupigia picha kilipata jina hilo kwa sababu kilitanguliwa na chumba cha giza kilichopenyezwa mwanga kwa tundu dogo.

Katika mifano yote minne mwendo ni mmoja: pahala hutangulia, na taasisi, watu au kitu hufuata.

3.0 Njia tatu za Kiswahili

3.1 Kugawa. Kiswahili hakikuhamisha tabia nzima ya “court”. Kila maana ilipewa neno lake: *ua*, *ikulu*, *mahakama*, *uwanja*. Neno *mahakama* lina mzizi wa Kiarabu uliotupatia pia *hukumu* na *hakimu*. Kwa hiyo Kiingereza kimeiita taasisi hiyo kwa kuangalia pahala, ilhali Kiswahili kimeiita kwa kuangalia tendo. Ndiyo maana mfasiri anayetafuta kisawe kimoja cha “court” kwa matini zote lazima akosee.

3.2 Kukopa kwa maumbo tofauti. Hapa Kiswahili huondoa utata kwa kulikopa neno lilelile zaidi ya mara moja. Mtuhumiwa hulala *selo*, lakini mwanafunzi wa baiolojia huchora *seli*. Kadhalika, mpiga picha ana *kamera*, na fundi bomba hufungua *chemba* ya majitaka. Shauri nalo husikilizwa *chemba* lisiposikilizwa katika mahakama ya wazi. *Chemba* hii ni mkopo wa “chamber”, na haina undugu wowote na *chumba*, ingawa maumbo yake yanakaribiana na maana zake zinagusana. *Chumba* ni neno la Kibantu lililoundwa kwa kiambishi cha udogo *ki-* na mzizi *-umba*, uleule unaopatikana katika *nyumba* na *jumba*. Mahali ambapo Kiingereza huhitaji maneno matatu yasiyohusiana, Kiswahili hubadilisha kiambishi tu.

Mkopo waweza pia kubadili maana njiani. Kwa wapangishaji wa mijini, *masta* ni chumba chochote chenye choo na bafu lake ndani, hata kama nyumba nzima ni vyumba vya wapangaji na mwenye nyumba haishi hapo. Wazo la chumba kikuu cha mwenye nyumba limepotea. Kilichobaki ni bomba la maji.

3.3 Upolisemia wa Kiswahili chenyewe. Neno *baraza* ni kibaraza cha mbele ya nyumba panapokaliwa na wageni. Ni pia mkutano, na ni chombo rasmi: Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, Baraza la Kata. Mwendo wake unafanana na wa “cabinet”, isipokuwa kwa jambo moja lenye uzito. “Cabinet” ni chumba cha ndani, cha siri. *Baraza* ni mahali pa nje, panapoonekana na wapita njia. Tunapoiita “Cabinet” *Baraza la Mawaziri*, tafsiri ni sahihi, lakini taswira imegeuka kutoka faraghani kwenda hadharani.

Ushairi unatoa ushahidi wa ziada. *Ubeti* unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na “stanza” ni neno la Kiitaliano lenye maana ya chumba. Tamaduni mbili zimeliona fungu la mistari kuwa makazi yenye kuta.

4.0 Boma katika historia na sheria

Kiini cha neno *boma* ni uzio au ngome. Wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, lilitaja makao ya serikali wilayani, na kwa metonimia likataja serikali yenyewe. Mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliposhuka kutoka milimani na kukusanyika Same kupinga kodi iliyojulikana kama mbiru, kwa msamiati wa zama hizo walikuwa wamekwenda *bomani*. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya upinzani huo, ametuonesha jinsi mgogoro ule ulivyokuwa mzito. Kwa waandamanaji, boma lilikuwa jengo na pia mamlaka waliyoyataka yawasikilize.

Leo maana hiyo imefifia na nyingine zimepata nguvu. Nyikani, *boma* ni zizi au makazi ya ukoo wa wafugaji. Katika taarifa za vijiji na halmashauri, *maboma* ni majengo ya madarasa au zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, yakisubiri kuezekwa.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inayapa nafasi Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri huanza kwa Kiswahili cha kijijini, lakini kwa miaka mingi kumbukumbu za ngazi za juu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri akiandika zizi, mdai ana mifugo. Akiandika makazi, mdai ana familia inayoishi pale. Akiandika jengo lisilokamilika, mdai ana uendelezaji unaoweza kuthaminiwa. Neno moja lililoachwa bila ufafanuzi linaweza kubadilisha msingi wa dai.

Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki yamepunguza hatari ya tafsiri. Hayakuondoa upolisemia. Sasa utata hauvuki tena mpaka wa lugha. Unabaki ndani ya Kiswahili, ambamo ni vigumu zaidi kuugundua kwa sababu kila mmoja anadhani ameelewa.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unaelekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi za Kiswahili zitenganishe maana za maneno kama *boma* na *baraza* kwa mifano ya matumizi ya maeneo mbalimbali, badala ya kuzirundika pamoja. Pili, makarani wa mabaraza waandike kitambulishi palepale ushahidi unapotolewa: boma la ng’ombe, boma la makazi, boma lisiloezekwa. Gharama yake ni neno moja au mawili ya ziada katika daftari, na faida yake ni kwamba mdai na anayemwamulia watakuwa wanazungumzia kitu kimoja.