Umuganura: Jembe, mafunzo na ngoma katika sikukuu moja

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Agosti, Wanyarwanda huadhimisha Umuganura, sikukuu ya mavuno. Siku hiyo hutukumbusha jambo ambalo sisi wakazi wa mjini huelekea kulisahau: kwa wazee wetu, kulima, kufundisha na kucheza ngoma yalikuwa maisha mamoja.

Hapo kale, mwami ndiye aliyeonja kwanza mtama na ulezi wa msimu mpya, kisha raia wakafuata. Vijana walifunzwa ngoma, majigambo na adabu katika itorero. Jioni, katika igitaramo, wazee walisimulia na kuimba, wadogo wakisikiliza na kuitikia. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji ulipiga marufuku ibada za Umuganura, na Gashamura aliyezisimamia akahamishiwa Burundi. Sikukuu hiyo ilirejeshwa kitaifa mwaka 2011.

Je, mkazi wa Gitega, wilayani Nyarugenge, ambako nyumba zimesongamana, atavuna nini? Jibu mojawapo ni akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni, ambayo huweza kukaa hata ndani ya gunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi au mboji ya maganda ya jikoni. Katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yafike hadi chini. Mboga hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni, na majivu husaidia kupunguza wadudu bila dawa za viwandani.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019/20 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Gunia moja haliwezi kulimaliza tatizo hilo, lakini huleta mboga mbichi karibu na chungu, na humpa mtoto somo ambalo daftari peke yake halitoi.

Mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Ukipandwa mwanzoni mwa Julai, na ukamwagiliwa maji yaliyooshea mboga kwa kuwa ni kiangazi, utawahi meza ya Umuganura. Jioni hiyo, mtoto aliyeutunza na apewe nafasi ya kusimama mbele ya jamaa na majirani, asimulie au aimbe jinsi ulivyoota.