Kamba Inayovuta Haina Rafiki

Ndugu wafanyakazi, wengine mtasema: « Sisi ni watu wa shimo na kiwanda, mambo ya kufunga meli yanatuhusu nini? » Ngojeni kidogo. Kamba inayofunga meli bandarini na ile inayovuta kamyo iliyokwama katika karieri zina tabia moja.

Meli ikifika bandarini hufungwa kwenye nguzo za chuma. Upepo na mawimbi huisukuma, kamba inavutika. Kamba ya nailoni hurefuka kama mpira, na nguvu yote inabaki ndani yake. Ikikatika, inarudi kwa mbio. Hakuna mtu awezaye kuikimbia.

Tarehe 2 Machi 2015, katika bandari ya Milford Haven, Uingereza, kamba ya meli Zarga ilikatika ikampiga ofisa kichwani, akaumia vibaya sana. Kamba ile ilikuwa imefunikwa ganda, ndani imekwisha kuchoka, na jicho halikuona kitu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya mataifa yote inalazimisha kamba za kufungia meli zikaguliwe na kutunzwa.

Basi, shikeni haya:

1. Usisimame kwenye mstari wa kamba inayovuta, wala karibu na nguzo inapokunjwa. Hapo inaweza kupiga upande usioutazamia. Asiye na kazi pale aende mbali.

2. Usiruke kamba inayovuta. Usitie mguu ndani ya mviringo wa kamba iliyolala chini.

3. Kamba iliyochanika, iliyoungua au yenye nyuzi za chuma zilizokatika, mwonyeshe kapita. Isifanye kazi tena.

4. Mtu akipigwa, simamisheni mashine kwanza. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, usiachilie. Damu ya mguu au mkono ikiruka bila kukoma, funga kwa nguvu juu ya jeraha, andika saa. Aliyepigwa kichwa au shingo asiinuliwe wala asinyweshwe kitu. Mwite muganga upesi.

Siku moja tulipokea kijana aliyepigwa na kamba ya chuma. Hakuwa akivuta kamyo. Alisimama tu kutazama wenzake. Vidonda tunashona, mifupa tunafunga, lakini mguu wake hatukuweza kuurudisha.

Ndugu, bibi na watoto wanakungoja nyumbani. Kabla kamba haijaanza kuvuta, jiulize: nimesimama wapi?