Ndoa Bado Ina Kazi, Hasa Ughaibuni

Vijana wetu huku England wanauliza: mkipendana, cheti cha nini? Ukilijibu swali hilo kwa mapenzi peke yake hutafika mbali. Lijibu kwa mali, watoto na kifo, maana huko ndiko ndoa inakofanya kazi yake.

Wengi tuliotoka Tanzania Bara tumekuja na imani kwamba mkikaa kinyumba miaka 2, basi ni mke na mume. Imani hiyo ina chanzo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haitumiki Zanzibar, kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kama wanandoa, mahakama itawahesabu wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali.

Ukihamia England, kinga hiyo huiachi tu nyuma, unaipoteza. Kaeni pamoja hata miaka 20: kama nyumba ina jina lake peke yake, mkiachana hakuna mali ya ndoa ya kugawa. Akifariki bila wosia, urithi unakwenda kwa watoto wake au ndugu zake, na wewe utalazimika kwenda mahakamani kuomba.

Linaloniuma zaidi ni nikahi za sebuleni. Shehe amekuja, walii yupo, mashahidi wamekaa, mahari yametajwa, halwa na kahawa vinapita. Kidini ndoa imetimia. Kwa sheria ya England, bado hamjaoana. Februari 2020 Mahakama ya Rufani ya huku iliamua kesi ya wawili waliofunga nikahi kwenye mkahawa London mwaka 1998, wakazaa watoto wanne. Mke aliomba zaidi ya mara moja wakafunge na ndoa ya serikali. Mume akampiga danadana. Mahakama ilisema shughuli ile haikuwa hata ndoa batili. Tofauti hiyo ni kubwa: kwenye ndoa batili hakimu anaweza kugawa mali, kwenye kisicho ndoa hawezi.

Aliyeoa Tanga au Mombasa kwa kufuata sheria ya huko hana wasiwasi. Ndoa yake inatambuliwa. Anayeumia ni dada aliyeolewa hukuhuku kwa nikahi tu, akaacha kazi alee watoto wakati mwenzake anapiga shifti na kulipia nyumba kwa jina lake.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Nendeni nyote wawili kwa msajili wa eneo lenu mkatoe notisi, msubiri angalau siku 28, kisha mfunge ndoa ya serikali. Wazazi mnaopokea posa huku, ulizeni tarehe ya msajili kabla ya kutaja mahari. Nanyi mashehe, msifungishe nikahi kabla hamjakiona cheti.